Risasi za bei poa: boksi kumi na daftari la zilizogoma

Risasi ya .22, ile ndogo ya kupigia shabaha, iliyo nzima haina makelele mengi. Inalia kama mtu amevunja kijiti kikavu kwa goti. Iliyogoma inasema "tk". Basi. Tk, halafu unawasikia kunguru kwenye minazi ya jirani. Pumzi umeishika, shabaha imekaa, kidole kimefanya kazi yake, na hakuna kilichotoka. Unabaki umelala kifudifudi juu ya mkeka, mtutu umeelekea mbele, unahesabu kimoyomoyo hadi thelathini kabla ya kugusa bolti, kile chuma cha kufungulia na kufungia nyuma ya mtutu.

Tangu Ramadhani iishe nimehesabu thelathini mara nyingi mno, ndiyo sababu nimekaa kuandika.

Nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini Kilindini, Mombasa. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama na ubao na penseli: gunia limeshuka, mstari, sanduku limetoboka, mstari na alama pembeni, mzigo umelowa, andika umelowa hata nahodha akununie. Nimestaafu, lakini mkono umekataa kustaafu. Kwenye kiwanja chetu cha shabaha, huko bara upande wa kaskazini, kila mtu ananiita Karani kwa sababu ya daftari langu. Kila risasi niliyopiga imo. Kwa hiyo haya ninayoyasema hayakutoka kichwani tu.

Bunduki yangu ni Brno Namba 2, ya bolti, magazini yake ya risasi tano, iliyoundwa Czechoslovakia nchi hiyo ilipokuwa bado nchi moja. Ni nzee, kitako kimekwaruzika, lakini mtutu wake ukiuchungulia dhidi ya mwanga bado unang'aa kama kikombe cha fedha. Nimeizoea kulisha CCI Standard za Marekani, zenye kichwa cha greni 40 (gramu mbili na nusu hivi) na mwendo wa mita 326 hivi kwa sekunde. Katika daftari la mwaka jana nilipiga mia sita za aina hiyo na moja tu ndiyo iliyogoma. Sasa zimekuwa adimu, na zikipatikana bei yake inakufanya uulize mara mbili. Ndipo nikaingia tamaa.

Kabla sijaendelea: Kiswahili chetu kimeyapa jina moja madini yale mazito, kile kichwa kinachoruka na kitu kizima pamoja na ganda lake. Hapa nikisema risasi nakusudia kitu kizima. Nikisema kichwa, nakusudia kile kinachokwenda kutoboa karatasi. Na jina la kiwanda nimeliacha makusudi, la duka pia. Nimepiga za toleo moja tu, yaani zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja, na toleo moja halitoshi kumharibia mtu biashara.

Dukani kijana wa kaunta aliniwekea fungu la boksi kumi, kila boksi risasi hamsini. Kwa bei ya boksi sita za zangu za kawaida nilipata kumi za hizi. Nikamuuliza, "Zikoje hizi, mwanangu?"

"Mzee wangu," akasema, "ni risasi kama risasi."

Jibu hilo lingenitosha kuondoka. Sikuondoka. Nikatoa cheti changu cha silaha, akafungua kitabu chake kikubwa, akaandika namba, tarehe na idadi, nami nikatia sahihi. Namba ya toleo iliyopigwa muhuri kwenye ukingo wa boksi niliinakili palepale. Hiyo ni tabia ya bandarini: mzigo usio na alama ukipotea, umepotea.

Nyumbani nikafungua boksi la kwanza. Kwanza, karatasi yenyewe ni nyepesi kama ya dawa ya mbu. Hakuna kile kitanda cha plastiki chenye vitundu ambacho kila risasi hukaa pake. Hizi zimemwagwa tu ndani, zinacheza ukilitikisa boksi, na vichwa vimegongana hadi vingine vina vishimo. Mafuta ya kulainisha yamepakwa kwa mkono wa ukarimu, na kwa joto letu hili yalikuwa yameyeyuka na kugeuka gundi ya kukamatia vumbi. Nikatandika gazeti juu ya meza ya kulia nikaanza kuzipanga, nzuri huku, mbovu kule. Mke wangu akapita, akasimama, akaniuliza kama nachagua mchele. Kisha akakumbuka kwamba juu ya meza ile ndiyo tunakula, na kwamba madini ya risasi ni sumu, akanifukuza mimi na gazeti langu hadi barazani. Alikuwa na haki. Anayeshika risasi hizi, ziwe ghali au rahisi, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mahamri.

Katika hamsini za kwanza niliweka kando sita kwa sura tu: tatu zilizobonyea ganda, mbili ambazo kichwa kimekaa upande kama kofia ya mlevi, na moja yenye doa la kijani. Sikuzitupa. Niliziandika, nikazirudisha kwenye boksi, nilitaka kuona.

Jumamosi nikavuka daraja la Nyali alfajiri, kabla ya upepo kuamka. Msimu wa kusi huku kwetu, ukichelewa hadi saa nne unapiga upepo na si shabaha. Boksi la kwanza: nne zimegoma. La pili: mbili. Nikasema moyoni, afadhali. La tatu: saba.

Hilo la tatu nilisimamishe kidogo. Lilikuwa la pembeni katika fungu, na karatasi yake ilikuwa imeumuka kona moja, kama mkate uliochovywa chai ukaachwa ukauke. Mzigo uliolowa haunifichi. Mahali fulani, kwenye kontena, kwenye ghala au chini ya rafu, boksi lile lilikutana na maji. Zile zenye madoa ya kijani nyingi zilitoka humo. Kwa hiyo kwa haki nasema: baadhi ya lawama ni ya safari na hifadhi, si ya kiwanda. Mombasa hewa yake ni chumvi na unyevu, na anayeuza risasi mji huu bila chumba kikavu ni sawa na anayeuza barafu juani. Lakini boksi la kwanza lilikuwa kavu kama kashata, na nne ziligoma humo. Maji hayakuingia humo kamwe.

Basi nikaanza kuuliza swali ambalo kila mtu anapaswa kujiuliza kabla ya kulalamika: ni risasi, au ni bunduki yangu? Brno ni nzee, springi inaweza kuwa imechoka, pini inayoipiga risasi inaweza kuwa imelika, na mafuta ya zamani ndani ya bolti huganda na kuipunguzia pini nguvu. Nikaifungua bolti, nikaisafisha hadi ikawa kavu, nikasugua chemba, ile nafasi ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Nta na moshi vinapojaa humo, risasi haikai hadi mwisho, na pigo la pini linaishia kuisukuma ndani badala ya kuiwasha. Kisha nikapiga ishirini za CCI nilizokuwa nimeweka akiba. Zote zikawaka. Nikampa kumi za bei poa dada mmoja muuguzi tunayepiga naye, mwenye bunduki mpya kuliko yangu kwa miaka mingi sana. Moja ikagoma mikononi mwake.

"Karani," akasema, "hii ni yako, nirudishie dakika yangu."

Ushahidi zaidi uko kwenye ganda lenyewe, na hapa ndipo napenda kukaa. Chukua iliyogoma, iinamishe juani. Ukingoni mwa kitako utaona alama ya pini. Ikiwa ni mkwaruzo mwepesi, shuku bunduki. Zangu zilikuwa na shimo zuri, lenye kina, mraba kamili kama muhuri wa forodha. Pini ilipiga. Ndani ndiko hakukuwa na mtu.

Hii inatokana na namna .22 inavyotengenezwa, kitu ambacho hakijabadilika sana tangu risasi hii ya .22 Long Rifle itoke Marekani mwaka 1887. Risasi za bunduki kubwa zina fataki, ile dawa inayolipuka ikipigwa na kuwasha baruti, katika kikombe kidogo katikati ya kitako. .22 haina kikombe. Dawa ya fataki hutiwa mbichi ndani ya ganda, kisha ganda linazungushwa kwa kasi ili dawa isukumwe na kujaa ndani ya ule ukingo wa mviringo. Ni kama mtu anayepika chapati za maji, anazungusha kikaango ili unga ufike pembeni. Akifanya haraka, au unga ukiwa haba, panabaki pengo. Pini ya bunduki inapiga sehemu moja tu ya ukingo. Ikiangukia kwenye pengo, tk.

Kwa hiyo mtihani ni rahisi. Baada ya zile sekunde thelathini, toa risasi, igeuze nusu duara, irudishe, piga tena. Ikiwaka mara ya pili, umejua kwamba dawa ilikuwepo lakini haikuenea. Katika risasi 410 tulizopiga hadi leo, mimi na wenzangu, 31 ziligoma pigo la kwanza. Kati ya hizo, 22 ziliwaka baada ya kugeuzwa. Tisa hazikuwaka hata kwa kubembelezwa. Hesabu hiyo ni kama moja katika kila kumi na tatu. Nikiwa bandarini, shehena ambayo kila gunia la kumi na tatu ni tupu tungeita polisi.

Mambo ya shabaha sasa. Tunapiga mita hamsini, kwenye karatasi ya kimataifa ambayo duara lake la kumi lina upana wa milimita 10.4, yaani dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Siku nikiwa nimelala vizuri, CCI tano hufunikwa na sarafu ya shilingi kumi. Za bei poa zilihitaji kisahani cha kikombe cha kahawa. Lakini kilichonivutia ni namna zilivyokaa: hazikutawanyika ovyo, zilisimama juu chini, moja juu ya nyingine, kama mlingoti wa jahazi. Anayejua anasoma hapo bila darubini. Kwenda kushoto na kulia ni upepo au mkono. Kusimama juu chini, kama pumzi yako iko sawa, ni baruti isiyolingana: risasi hii imetiwa zaidi, ile imepunjwa, na iliyo taratibu huanguka zaidi kabla ya kufika. Ukipiga hesabu, tofauti ya mita ishirini kwa sekunde inatosha kushusha kichwa karibu sentimita moja na nusu kwa umbali wa mita hamsini. Linganisha na lile duara la milimita kumi. Hata ukilenga kama malaika, risasi imeshakunyima pointi kabla hujavuta pumzi.

Mzee mmoja mwenye bastola ya .22 inayojipakia yenyewe alijaribu magazini moja tu akarudisha zilizobaki. Zile dhaifu hazikuwa na nguvu ya kurudisha slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kutoa ganda, kila mara ganda linakwama mlangoni. Kwa bastola, sina hata haja ya kuendelea: usinunue.

Yote hayo ningeyavumilia kwa bei ile. Kisha likaja boksi la sita.

Ilikuwa risasi ya ishirini na tatu katika boksi hilo. Sauti yake haikuwa tk wala ule mlio wa kijiti. Ilikuwa "pfu", kama soda iliyokaa wazi usiku kucha ikifunguliwa kwa adabu. Nami nilikuwa nimeshaingia katika mwendo, piga, fungua, funga, piga, na mkono wangu wa kulia ulikuwa tayari juu ya bolti kuvuta na kusukuma nyingine. Yule dada muuguzi alikuwa amejiinamia kwenye darubini akinitazamia shabaha.

"Simama, Karani!" Akapaza sauti niliyodhani huitumia wodini tu. "Karatasini hakuna tundu!"

Nikaachia. Nikahesabu, safari hii kwa sauti. Msimamizi wa kiwanja akaja, akasimamisha mstari mzima, wote wakaweka silaha chini. Magazini nje. Bolti nje. Akauchungulia mtutu kwa upande wa chemba akaniita nami nitazame. Mtutu ule ninaousifu kwamba unang'aa ulikuwa giza. Kichwa kilikuwa kimekwama ndani, kama shubiri moja kutoka kwenye chemba. Kulikuwa na fataki iliyokipa msukumo mdogo, na baruti kiduchu au hakuna kabisa.

Alikitoa kwa fimbo ya shaba, akigonga taratibu kutokea mdomoni, kama mtu anayetoa mfupa kooni mwa mtoto. Kikaangukia kwenye kiganja changu kikiwa na mistari ya mtutu ubavuni, kizuri kabisa, kama kimechongwa na sonara. Hatukusema kitu kwa muda. Sote wawili tulijua ile ya pili ingekuwa imefanya nini: ingekikuta cha kwanza njiani, na mtutu ungevimba au kupasuka umbali wa mkono mmoja kutoka usoni mwangu.

"Mzee Karani," msimamizi akaniambia, na yeye ni kijana wa umri wa mwanangu wa pili, kwa hiyo alitafuta maneno, "kama unataka kuendelea na hizi, endelea. Ila utapiga moja moja, magazini iwe tupu, na mtu akukalie kwenye darubini."

Ndivyo nilivyofanya tangu hapo. Risasi moja, tazama karatasi, ona tundu, ndipo ya pili. Boksi moja linachukua asubuhi nzima. Hiyo nayo ni bei, ingawa haikuandikwa kwenye risiti.

Na kuna bei nyingine ambayo wenzetu wanaosoma sifa za risasi kutoka nchi za nje huwa hawaiwazi. Huko mtu akigomewa na risasi kumi anatikisa kichwa na kununua zingine akirudi nyumbani. Hapa kwetu, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti chako kinataja idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na idadi unayoruhusiwa kuwa nayo kwa wakati mmoja. Risasi kwa hiyo si shilingi tu, ni nafasi kwenye cheti. Zile tisa zilizokufa zimekula nafasi zangu tisa. Na maadamu ziko mikononi mwangu, bado ni risasi machoni pa sheria, hata kama hazimdhuru nzi. Ziliandikwa zikitoka dukani, na lazima zijulikane zilipoishia. Huwezi kuzitupa kwenye pipa la mtaani zikaenda kuokotwa na watoto au kuchomwa na taka huko Mwakirunge. Kiwanjani kwetu kuna debe la chuma lenye kufuli kwa ajili ya zilizogoma. Msimamizi anahesabu, anaandika, natia sahihi. Usijaribu kuzifungua kwa koleo ujue kilichomo. Nimemwona mtu akijaribu. Fataki iliyokataa pini inaweza kukubali koleo.

Nikirudi kwenye wema, maana upo mmoja, na sikuutarajia. Risasi inapogoma bila wewe kujua, bunduki hairuki, na unaona wazi mwili wako unafanya nini wakati wa kufyatua. Katika ile tk ya kwanza ya boksi la nne niliona mdomo wa mtutu ukijikunyata kushuka chini, kidogo tu, kama mtu anayefumba macho kabla ya kupigwa kofi. Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikiiogopa .22, bunduki ambayo mtoto hupewa kujifunzia! Kuna walimu wanaochanganya makusudi risasi bandia kwenye magazini ya mwanafunzi ili kumkamata kwa hilo. Mimi kiwanda kilinichanganyia bila malipo. Yule dada alicheka hadi akakaa chini.

Nilirudi dukani, bila shaka. Nilikwenda na daftari, nikamfungulia mwenyewe duka kurasa zote, mistari yote, na kile kichwa kilichokwama nimekifunga kwenye karatasi. Alikitazama kwa heshima, akanitilia kahawa. Akasema risasi ikishatoka dukani hairudi, na hapo siwezi kumlaumu sana. Mimi mwenyewe nisingependa kununua boksi ambalo limelala wiki tatu kwenye nyumba ya mtu nisiyemjua. Nilimwomba mambo mawili: aandikie waliomletea shehena ile, na aangalie lile rafu la chini lililo karibu na ukuta unaotoa jasho. La kwanza aliahidi. La pili alitazama ukuta, akakohoa. Kisha akanipa chupa ndogo ya mafuta ya kusafishia bunduki, bure. Nimeipokea. Mafuta hayana kosa.

Mtu akiniuliza, basi, nitamwambia hivi. Kama una bunduki ya bolti, subira ya mvuvi, na mtu wa kukukalia kwenye darubini, nunua boksi moja, si fungu. Lipige kiwanjani chini ya msimamizi, usiharakishe bolti, na kila sauti usiyoielewa ichukulie kuwa ni mtutu ulioziba hadi uone mwanga upande wa pili. Ukipata moja tu ya "pfu", usiwe kama mimi niliyeendelea kwa ukaidi wa kutaka kujaza ukurasa. Kwa mashindano, hapana, hata kwa bure. Kwa kumfundisha mtoto au mgeni wa kwanza, hapana zaidi. Mgeni hajui kuhesabu thelathini. Anageuka na bunduki mkononi kukuuliza mbona haikulia. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na wallahi, nilijifunza kulala chini upesi kuliko nilivyodhani umri wangu unaruhusu.

Zimebaki tisini. Ziko kabatini, kufuli mbili, na sijaamua.

Juzi Alhamisi simu ikalia nikiwa naelekea Marikiti. Yule kijana wa kaunta. Sauti imejaa furaha: mzee wangu, mzigo mpya umeingia, zile zile, lakini hizi ni nzuri, waliotuletea wametuhakikishia kuwa ni mzigo mwingine kabisa.

"Alhamdulillahi," nikasema. "Geuza boksi, mwanangu. Ukingoni kuna namba imepigwa muhuri. Nisomee polepole."

Akasoma. Nikasimama kando ya muuza madafu, nikatoa daftari mfukoni, nikafungua ukurasa wa kwanza. Nikamwomba arudie tarakimu tatu za mwisho. Akarudia.

Ni ile ile.